Swali la Sigara

"Mama, saratani ya mapafu haiwapati wavuta sigara tu," daktari alisema. "Uvimbe wako una jeni iliyobadilika. Tunaiona sana kwa wanawake ambao hawajawahi kuvuta. Dawa yake ipo."

Mwasiti alishusha pumzi. Tangu augue, hata mawifi zake walimwuliza alikuwa akijificha wapi kuvuta.

"Na wavutaji hawana jeni hiyo?"

"Wapo walio nayo, ila wachache."

Alirudi kwenye benchi kusubiri dawa. Mzee aliyemkuta hapo mapema, anayenuka tumbaku, bado alikuwa peke yake, akingoja majibu yake. Asubuhi Mwasiti alimpa mgongo, hata salamu hakumpa, watu wasije wakadhani wako pamoja. Sasa alikaa karibu naye.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba." Mzee alijisogeza ukingoni, akaziba mdomo kwa kofia. "Mimi nilivuta, mwanangu," alisema kabla hajaulizwa.

"Sikukuuliza hilo." Mwasiti alifungua chupa yake, akamimina kwenye kifuniko. "Umekunywa chai?"

Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akakishika tu, mvuke ukimpanda usoni.