Chungu cha Vitunguu

Bwana Mkasi alikijua chungu kabla hajautazama mti. Kilikuwa kile cha udongo wa kahawia, chenye ukingo uliomeguka, ambacho kwa miaka kilikaa kwenye dirisha la jikoni kwake kikiotesha vitunguu vya majani. Leo kilikuwa mezani mbele ya chama kizima, kimepandwa mti, na hakikuona haya.

Alibetua midomo. Kumbe fununu ilikuwa kweli: mkewe ameomba kujiunga na chama cha wapanda bonsai, miti inayodumazwa ndani ya vyungu.

Kanuni za chama zilijulikana, na aliyeziandika ni yeye mwenyewe. Mwombaji huleta mti mmoja wa mepo, ile miti mifupi ya Kijapani yenye majani ya vidole vidole, aliouinua kwa mkono wake. Mti huwekwa mezani bila jina. Mwenyekiti huukagua na kuhukumu, katibu huandika, na ikishaandikwa basi. Mwenye mti uliokataliwa hakanyagi tena ukumbi wa chama maisha yake yote.

Mkewe alisimama karibu na mlango, koti bado mwilini. Ndiye aliyeendesha gari asubuhi hiyo, akauleta na mti wa mumewe, umefunikwa kitambaa cheupe, ukawekwa meza ya mbele kama ilivyo desturi. Kwanza waombaji waumbuliwe, kisha mti wa mwenyekiti ufunuliwe ili wajifunze.

Mti huo ulikuwa umempa kombe mara tatu, kila mara ukiwa umewaka majani mekundu. Miaka kumi na minne, alipenda kusema, na kila kitawi chake nakijua kama vidole vyangu. Majani yakipukutika, mti ulipelekwa uani kwenye kamba za nguo, na mambo ya kumwagilia na kupunguza vitawi akaachiwa mke. Hiyo ni kazi ya yaya, alisema, na mtoto haitwi kwa jina la yaya.

Sasa alitoa kioo chake cha kukuzia, akauinamia mti wa chungu cha vitunguu. Haukuwa na hata jani moja, maana baridi ilikwisha kuingia.

"Tuanze na shina," alisema. "Hapa palipounganishwa mti na mti pamevimba kama goti la mgonjwa. Majani yangekuwepo pangejificha, lakini baridi haifichi uchafu wa mtu. Na hili kovu linalozunguka tawi? Ni waya. Mtu kafunga waya alipinde tawi, kisha akausahau mpaka ukala gome. Huyu si mlezi, huyu ni mnyongaji."

Wawili watatu wakacheka.

"Waya huo sikuufunga mimi," mkewe alisema.

"Basi ulijifunga wenyewe."

Safari hii wakacheka wengi. Daktari wa meno, mwanachama wa siku nyingi, hakucheka. Aliuliza kama si haki kuvitazama pia vile vitawi vya juu, vyembamba kama uzi, vilivyogawanyika viwili viwili bila kukosea. Yeye miaka tisa anahangaika na hajaviweza. Bwana Mkasi alimjibu kwamba vitawi huota vyenyewe, kama ndevu. Kisha akatia kidole kwenye udongo. Mti umehamishwa chungu juzijuzi, alisema, na angalau mama huyu anajua kwamba mepo huhamishwa wakati hauna majani. Hilo amelisikia kwake nyumbani.

Kwa kweli kilichomkera si mti. Kilichomkera ni kwamba mwanamke wa kubebeshwa ndoo ya maji sasa alitaka kiti. Miti kama hii, akili yake ilimwambia, huanza na vitunguu na kuishia na vitunguu, na mwenye nayo vilevile.

Katibu, mwalimu mstaafu mwenye huruma zake, alishusha miwani. Alisema yeyote aliyeulea mti huu ameuhangaikia, na pengine apewe mwaka mmoja ajaribu tena.

"Huruma kawaonee watoto wa shule," Bwana Mkasi alisema. "Andika. Mwenye mti huu hana jicho, hana mkono, na hana nafasi katika chama hiki, leo wala kesho."

Katibu akaandika. Mkewe aliomba asomewe tena, polepole, naye akasomewa. Akauliza kama kweli hukumu hiyo sasa haibadiliki.

"Hata mimi mwenyewe siwezi kuibadili," alimjibu, na utamu wa maneno hayo akauhisi mpaka kooni.

Alitegemea machozi. Hayakuja, na hilo likamuudhi kidogo. Mkewe alisogea tu mpaka mezani, akakivuta kile chungu kilichomeguka kikawa karibu naye, akakikumbatia kwa mkono mmoja.

"Basi tuoneshe wako, mwenyekiti," alisema. "Tujifunze."

Bwana Mkasi alikwenda meza ya mbele, akakohoa kusafisha koo, akawaambia wanachama wakae vizuri, wasije tena wakachanganya mti na kuni. Kisha akakivuta kitambaa cheupe.

Chungu chake cha bluu, cha kombe mara tatu, kilikuwa kimefutwa vumbi kikang'aa. Ndani yake, vibichi na vimesimama wima, mlikuwa na vitunguu vya majani vya dirisha la jikoni kwake.