Msumari wa Kioo

"Mama, mti huu una msumari wowote?" fundi wa msumeno aliuliza, akigonga shina la mzambarau. "Nikigonga chuma, mnyororo unakatika, na leo sikati tena."

Mjane aliutazama mti. Mzambarau ulikuwa umeoza ubavu, umeinamia chumba cha wajukuu, na ruhusa ya kuukata aliitoa mwenyewe. Lakini neno moja tu, "hauna," lingempa siku moja zaidi ya kivuli.

Msumari ulikuwepo. Marehemu mumewe aliupigilia mwaka walipooana, atundikie kioo cha kunyolea ndevu. Kila asubuhi alinyoa huku akiimba, naye mkewe akimwambia, "Baba, utawahamisha ndege." Miaka ikapita, gome likaumeza msumari wote.

"Mama, mjibu basi fundi wa watu," mke wa mwanawe alimwita kutoka jikoni. "Au wewe na mti mnaagana kwanza?"

"Tunaagana. Unaona wivu?"

Fundi alicheka. Mjane hakucheka. Mungu alikuwa anasikia, na uongo ni uongo tu, hata ukiwa wa mti.

Akavua ndala, akasimama kwa ncha za vidole, akapapasa gome mpaka kidole kikatumbukia kwenye kovu dogo kama kitovu. Palikuwa usawa wa uso wa mumewe. Hata enzi zile alikuwa hamfikii mpaka ajinyooshe.

"Ni hapa," alisema, kiganja kimetulia pale kama shavuni. "Kata juu yake, mwanangu, kisha kata chini yake. Kipande hiki nipe mimi."

Fundi akawasha msumeno, akasubiri mkono utoke.