Kidonge Alichokula Kuku

Siku ile mjinga alikuwa Mzee Mbwambo mwenyewe, wala hakubisha. Zama hizo kila mzee mgonjwa wa moyo aliishi nyuma ya mlango uliosikiliza tumbo: kidonge cha asubuhi kikifika tumboni, unafunguka, kisipofika, hatoki. Naye, akiogopa dawa isije ikamkojoza mazikoni mbele za watu, alikificha kwenye tonge la ugali akamtupia kuku.

Mlango ukafunguka. “Safari njema, Mzee Mbwambo,” ukamwambia kuku, naye akatoka akijitingisha kama bibi harusi. Mzee alipoinua mguu, mlango ukajifunga puani pake. Kidonge kingine hakitolewi hadi kesho.

Dirishani aliliona jeneza la rafiki yake Senkondo likipita. Akaupiga mlango viganja mpaka pumzi zikamkatika, akashikilia nondo za dirisha.

“Mama Elineema! Hii ni jela, si nyumba! Senkondo aling'oa mlango wake, akatupa na dawa, akawa anatoka atakavyo!”

Mkewe, aliyekwisha kutangulia uani na kanga yake ya msibani, aligeuka.

“Hata leo ametoka, Baba Elineema. Ila kabebwa.”