Kamba ya Kuanikia Nguo

Priscah alisimama mlangoni na kamba mkononi, akamwona bintiye amelipanda kabati la vitabu, vidole vya miguu vimeng'ang'ania ukingo wa ubao wa tatu.

Kabati Priscah aliliunda mwenyewe asubuhi ile, kwa mbao za masanduku ya bandarini. Ukuta ndio uliomshinda. Kuta za Mji wa Kale ni mawe na chokaa. Kila akigonga msumari, unga mweupe ulimwagika. Misumari miwili tu ilishika, nayo kwa shingo upande.

"Ehe, fundi!" bibi wa chumba cha pili alimtania. "Wanaume watakosa kazi mwaka huu! Lakini ukuta huu ni mzee kuliko mimi, mwanangu. Lifunge kabati kwa kamba kwenye boriti za dari. Sasa hivi."

"Nitalifunga, bibi. Kamba ndiyo hiyo niliyoanikia nguo. Acha sare ya mtoto ikauke kwanza. Kwa mvua hizi za El Nino, jua lenyewe ni la leo tu."

Akaingoja sare. Ilipokauka akaitundika begani, ndipo akafungua kamba.

Lakini mtoto wa nasari haoni kabati. Aona ngazi.

"Mama, nimekifikia!" Kitabu kilikuwa mkononi mwake.

"Usigeuke, mwanangu," Priscah alinong'ona. "Tulia hapo hapo."

Mtoto akageuka, amwonyeshe mama.

Misumari miwili ikachomoka bila hata kulia. Begani mwa Priscah sare ilikuwa kavu, ingali na joto la jua.