Simu Iliyopokelewa kwa Pua

Simu ya video iliita nikiwa nakanda unga wa mikate, mikono yote imezama. Mwanangu alikuwa amempeleka mkewe kujifungua, ningeiacha vipi?

Nikagusa kioo kwa kidole chenye unga. Wapi! Nikajaribu kwa kiwiko. Ikazidi kuita, imeninunia kama mke mwenza.

"Utanitambua leo!" nikafoka, nikainama, nikaipokea kwa pua yangu pana.

"Mama, rudi nyuma kidogo!" mwanangu akacheka. "Tunaona pua tu."

Nikarudi. Akageuza kamera kwenye taulo alilopakata mkewe. Humo mlikuwa na kiuso kimekunjamana, na katikati yake kitu kipana, kimejitandaza bila haya.

Nikajipangusa machozi kwa mkono wa unga.

"Hata mimi, mwanangu. Naona pua tu."