Galoni ya Njano

"Mwaga oili yote, fundi!" Tunu alisema kabla hata hajashuka vizuri kwenye pikapu. "Nimeiua injini ya marehemu."

Fundi Machano akacheka. "Maiti gani hii inajileta gereji yenyewe, shemeji?"

Tunu hakucheka. Miaka kumi na moja mumewe alitumia oili ya galoni nyekundu tu, akiapa kwamba ukibadilisha chapa, injini inakufa. Jana dukani haikuwepo, na kabichi zilikuwa zinasubiri kupelekwa sokoni, basi akatia ya galoni ya njano. Pikapu ikizima, watoto watakula nini?

Machano akaziweka galoni mbili tupu sambamba, nyekundu na ya njano. "Soma namba hapa."

"Ishirini, hamsini."

"Na hapa?"

"Ishirini... hamsini."

"Basi. Namba hiyo ndiyo uzito wa oili. Injini inataka uzito wake, na ibadilishiwe oili kwa wakati. Rangi ya galoni unaiona wewe tu."

Akawasha injini, akasimamisha ncha ya bisibisi juu yake, mpini akautia sikioni, kama mafundi wanavyosikiliza ya ndani. Akakunja uso. Tunu akashika kifua.

"Inasema nini?"

"Inasema mwenye gari ana kelele kuliko yenyewe. Hebu sikiliza."

Tunu akapokea bisibisi, akainama, akatega sikio kwenye mpini. Ndani, vyuma vilikuwa vinakwenda pamoja, laini, kama cherehani iliyotunzwa.

"Asante," akamnong'oneza marehemu.

Machano akadhani anaambiwa yeye, akanyoosha mkono apokee bisibisi. Tunu akamwinulia kidole asubiri, macho kayafumba, sikio bado liko kwenye mpini.