Mzee Nyuma ya Bega la Evelio

"Mwaka mzima unapiga picha hapa uani kila asubuhi, leo unaniambia huna hata moja ya mume wangu?" Jirani yake mjane alisema kwa sauti iliyowatoa watu barazani, mmoja akiwa bado na taulo kichwani.

"Nilikuwa najipiga mwenyewe, mama," Evelio alijibu. "Ndiyo kazi niliyojipa, uso wangu kila siku."

"Huo uso nao una nini cha kutazamwa mwaka mzima?" akauliza yule wa taulo, na ua mzima ukacheka.

Mjane hakucheka. Kesho yake ilikuwa Siku ya Wafu, wafu wanaporudi kula na jamaa zao, na marehemu asiyewekewa picha kwenye meza ya sadaka hupotea njia ya kurudi nyumbani. "Alikuwa pale nyuma yako, kitini. Kila ukitoka na kamera, anadai kofia yake, anachana masharubu. Alidhani unampiga yeye."

Evelio akafungua picha kwenye kamera. Kweli, juu ya bega lake palikuwa na mkono ulioinuliwa kumsalimu. Akasogeza nyingine, na nyingine. Mkono ule ule. Lakini lenzi aliipanga imshike yeye peke yake. Kila ukope wake ulionekana wazi, na mzee alikuwa ukungu uliovaa kofia.

Akampa mjane kamera bila kuthubutu kumtazama. Mjane alipapasa kioo kwa kidole gumba chenye unga wa mahindi.

"Ingia ule," alisema mwishowe. "Nimempikia yeye, lakini wafu hula harufu tu."